Dakika tatu za jembe la Ufipa

Umezuka katika miaka hii mtindo wa kutengeneza picha fupi za video zinazoonyesha jinsi kifaa cha kila siku kilivyobadilika tangu kilipobuniwa hadi kilivyo leo. Picha hizo hupita katika simu za mkononi za vijana wetu mchana na usiku. Huanza na sanduku la mbao lenye waya, na chini yake umeandikwa mwaka 1876. Mara sanduku limetoweka na imekuja simu ya mezani. Mara ni mwaka 1973, na Mmarekani Martin Cooper ameshika simu kubwa kama tofali. Mara ni mwaka 2007, na kimebaki kioo kitupu kisicho na vitufe. Muziki unakoma, na mtazamaji amekwisha kusimuliwa mambo ya miaka 130 kabla chai yake haijapoa.

Sisi hatuna ugomvi na mtindo huo. Kijana anayekaa akatafuta mwaka, picha, na maneno machache ya kueleza kitu kilivyokuwa, anafanya kazi ya mwanahistoria hata kama mwenyewe haiiti hivyo. Tunalotaka kulisema leo, mbele ya wananchi wa Visiwani na mbele ya viongozi wa Serikali wenye dhamana ya elimu na utamaduni, ni kwamba miaka inayoandikwa katika picha hizo si miaka yetu. Mwaka 1876 nchi hizi hazikuwa na simu. Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari mwaka 1879, na kwa muda mrefu waya ule ulikuwa wa makonsuli, wa wafanyabiashara wakubwa na wa Serikali. Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994. Baina ya miaka hiyo miwili yupo mtu aliyetembea kutwa nzima kupeleka habari ya msiba, ipo barua iliyokabidhiwa utingo wa lori, ipo simu ya upepo ya kituo cha polisi au ya misheni, na wapo watu waliokaa posta wakisubiri kuitwa majina yao. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawasiliano yetu, nayo hayaonekani kabla ya muziki kukoma.

Hebu tupimie hoja hii mahali pamoja palipo mbali na bahari. Mpui ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa, kusini-mashariki ya mji wa Sumbawanga, katika njia iendayo Laela hadi Tunduma. Iko katika uwanda wa Ufipa, nchi ya juu yenye nyasi na baridi kali ya Juni na Julai, nchi ya mahindi, maharage na ulezi. Upande wa magharibi uwanda huo unateremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki unakatika kwa lile genge liitwalo Lyamba lya Mfipa, na chini yake ni bonde la Ziwa Rukwa. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 1974. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia badala ya gridi ya Taifa, na lami ya kutoka Tunduma haikukamilika mpaka miaka ya 2010. Mtu akiyatazama hayo peke yake atadhani kwamba Ufipa ni mahali ambapo vifaa hufika mwisho wa safari yao, na kwamba video ya vifaa vya huko haiwezi kuwa na mengi.

Na achukue jembe, kifaa cha kila siku kuliko vyote, kisha auulize uwanda huo jembe lilitoka wapi.

Kabla ya majembe ya madukani, Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe kwa ufundi uliowashangaza wataalamu wa nchi nyingi. Tanuru lao huitwa ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Ni mnara wa udongo, mpana chini na mwembamba juu, wenye kimo cha mita tatu hivi na mingine zaidi, na kuzunguka miguu yake yako matundu yaliyoachwa makusudi. Ndani yalipangwa makaa na mawe yenye chuma, tabaka juu ya tabaka, na katika matundu yakatiwa mabomba ya udongo wa kuchomwa. Tanuru hili halikuvukutwa. Katika sehemu nyingi za Afrika mafundi walikaa kando ya moto wakisukuma mivukuto mpaka mikono ikafa ganzi. Ilungu lilijivutia hewa lenyewe kwa urefu wake, kama dohani inavyouvuta moto wa jiko. Kwa hiyo kimo kile hakikuwa pambo. Fundi aliyelijenga alikuwa amekwisha kuyajua mambo ya joto na hewa ambayo mwanafunzi wa leo huyasoma katika kitabu cha fizikia, na aliyajua kwa kujaribu, kukosa na kujaribu tena, babu hata mjukuu.

Moto ulikaa siku kadhaa, usiku na mchana. Tanuru lilipopoa lilifunguliwa, kikatolewa chuma kibichi kilichochanganyika na mavi ya chuma. Chuma hicho kilikuwa bado hakifai kwa jembe. Kilipelekwa katika tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi yake ya kukitakasa. Baada ya hapo tu ndipo mhunzi alipokichukua na kukifua. Jembe moja, basi, lilipita katika moto wa namna tatu na mikono ya watu wengi kabla ya kugusa ardhi.

Yako na mambo ambayo mtengenezaji wa video ya dakika tatu angeona haraka kuyakata. Fundi mkuu alikuwa na kapu lake la dawa. Tanuru jipya lilipambwa kama bibi arusi kabla ya kuwashwa, na muda wote wa kazi mafundi walitakiwa wajitenge na wake zao, kwa kuwa tanuru ndilo lililokuwa mke wao siku zile. Kijana wa leo atacheka, au ataandika neno ushirikina na kuendelea mbele. Sisi tunaona kwamba mwiko huo ulikuwa sehemu ya kazi kama makaa yalivyokuwa sehemu ya kazi. Uliwaweka watu kambini, ukawazuia kwenda nyumbani katikati ya moto unaohitaji kuangaliwa, na ukaifunga siri ya ufundi mikononi mwa wanaoaminiana. Anayeonyesha mnara bila bibi arusi ameonyesha udongo uliosimama.

Jembe lililotoka huko halikuwa la kulimia tu. Lilibadilishwa kwa bidhaa, liliingia katika mahari, na lilikuwa akiba ya mtu. Na kilimo chenyewe kilikuwa na sura yake. Wafipa hufyeka nyasi, wakazifukia chini ya udongo katika matuta ya mviringo yaitwayo intumba, nyasi zikaoza humo na kuwa mbolea. Tuta hupandwa maharage na mazao mengine madogo, na msimu unaofuata hubomolewa, udongo wake ukatandazwa na ulezi ukapandwa juu yake. Mwaka 1950 Lunan aliandika habari za matuta hayo katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Jembe kubwa la mkono na intumba vilikwenda pamoja kama kinu na mchi.

Sasa ilikuwaje kazi hiyo ikafa? Hapa ndipo tunapozidai picha hizo fupi zaidi kuliko zinavyozoea kutoa, maana zina desturi ya kuweka kitu kipya baada ya cha zamani kana kwamba kipya kilishinda kwa uzuri wake. Jembe la meli halikuwa bora kuliko la ilungu, lilikuwa rahisi. Serikali ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, ilitaka kodi ya fedha taslimu. Fedha hazikupatikana Ufipa. Zilipatikana katika mashamba ya mkonge ya Tanga na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na huko ndiko vijana wa Ufipa walikokwenda. Aliyebaki kijijini alikuwa mzee mwenye ujuzi asiye na mikono ya kumchomea makaa na kumbebea mawe, na aliyerudi alirudi na shilingi, akaingia dukani. Kufikia miaka ya 1930 mioto ya malungu ilikuwa imekwisha kuwa ya nadra. Mwaka 1937 Greig aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records juu ya kuyeyusha chuma Ufipa, na mwaka 1958 Wise akaandika tena katika jarida hilohilo. Karatasi zao ndizo zinazosomwa hadi leo, pamoja na kazi za wanachuo waliofuata, miongoni mwao Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeyachunguza mabaki ya ufuaji chuma wa kusini-magharibi katika miaka ya 1990.

Baada ya hapo mfuatano wa jembe unakuwa mwepesi, na tutaupitia upesi. Katika miaka ya 1970 majembe yalitoka kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kujulikana na wakulima kwa herufi zake tatu, UFI. Baadaye Mbeya nayo ikawa na kiwanda chake, Zana za Kilimo. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilienea, na Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa minne iliyolilisha Taifa kwa mahindi. Mwaka 2009, katika mpango wa Kilimo Kwanza, yakaja matrekta madogo ya kusukumwa kwa mkono. Katika hayo yote kuna jambo moja la kuangaliwa kwa makini na mwenye kamera: plau haijengi intumba. Inachora mistari. Aliyeiingiza plau shambani aliingiza na namna nyingine ya kuilisha ardhi, na mfuko wa mbolea ya dukani ukachukua nafasi ya nyasi zilizofukiwa. Kwa hiyo picha ya jembe isiyopiga picha ya tuta itakuwa imesimulia nusu ya habari.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanaweza kuuliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu kwa nguo. Wafipa na majirani zao wa bonde la Rukwa walikuwa wakilima pamba na kufuma nguo nzito, mfumi akiketi mbele ya kitanda chake cha kufumia kilichotandazwa chini, mtande umekazwa kwa vigingi na mshindio ukipitishwa kwa mkono. Kazi ile haikuuawa na mtu yeyote wa Ufipa. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said, na kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kikashushwa katika bandari ya Unguja kwa wingi hata kikaitwa merikani, jina ambalo bibi zetu walilitumia bila kufikiri limetoka wapi. Misafara ikakichukua kutoka pwani mpaka bara ya mbali. Video ya nguo ya Ufipa, basi, itapita forodhani Unguja ipende isipende, kisha itakwenda Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China katika miaka ya 1960, na baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980 itafika katika marobota ya mitumba. Mtoto wa Mpui na mtoto wa Michenzani wanaweza kuitengeneza pamoja, kila mmoja na kipande chake.

Hatuna budi pia kusema neno juu ya umbo lenyewe la picha hizi, kwa sababu umbo hilo lina asili. Miaka ya 1935 hadi 1937 palikuwa na majaribio ya sinema za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt na Latham. Filamu zao zilibebwa kwa gari na kuonyeshwa katika nchi kadhaa za eneo hili. Katika sinema za mafunzo za zama zile, na za idara ya filamu za kikoloni iliyofuata, ulizoeleka mpango mmoja: yupo mwerevu anayefuata maagizo mapya na yupo mjinga anayeshika ya zamani, mwisho wa filamu mjinga ameona aibu. Ukitazama vizuri utaona kwamba video za leo zimeurithi mpango huo bila kujua. Cha zamani kinawekwa mwanzo, katika rangi hafifu, na cha mwisho kinang'aa. Mwendo ni wa mbele tu.

Maisha hayakwendi hivyo, na mtu wa Unguja anajua. Reli ya Bububu ilianza kazi mwaka 1905, na katika miaka ya 1920 ikasimama. Magurudumu ya ng'ombe yakaendelea kupita katika barabara zetu muda mrefu baada ya treni kusahauliwa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na kuwa na taa za umeme na lifti wakati miji mingi ya Afrika ilikuwa gizani, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo. Televisheni ya rangi ilikuwapo Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara ikakaa bila televisheni mpaka mwaka 1994. Lakini Pemba haikupata umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga ila mwaka 2010. Nani basi alikuwa mbele na nani nyuma? Na jikoni kwetu mashine ya kusagia inakaa rafu moja na mbuzi ya nazi, na kila moja ina siku yake.

Redio ni mfano mwingine mzuri, kwa kuwa kila nyumba ina kisa chake. Utangazaji ulianza Dar es Salaam na Unguja mwaka 1951. Mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania, Dar es Salaam, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kwa yale waliyoyasikia. Redio nyingi za wakati ule ziliunganishwa hapahapa nchini, na jina la National lilikuwa maarufu kama jina la mtu. Video ya kawaida itaonyesha redio ya mbao, kisha ya plastiki, kisha ya ndani ya simu. Haitaonyesha betri. Lakini muulize mtu mzima yeyote wa kijijini aliyeishi katika miaka ya mwanzo ya 1980, wakati bidhaa zilipoadimika madukani, naye atakueleza kwamba suala la redio lilikuwa betri: kuzitoa, kuzianika juani zipate nguvu kidogo, kuzirudisha kwa wakati wa taarifa ya habari, na kuizima redio mara tu taarifa ikiisha, hata kama muziki uliofuata ulikuwa mtamu. Mfuatano wa redio zetu umo katika kuzima kule.

Na taa vilevile. Koroboi haikubuniwa Ulaya wala Marekani. Ilitengenezwa na mafundi bati wetu kutoka katika makopo yaliyokwisha kutumika, ikauzwa sokoni kwa bei ya mnyonge, ikasomesha kizazi kizima cha walimu, mahakimu na makatibu wakuu. Baada yake, au kando yake, kulikuwa na chemli kwa wenye nafasi na karabai siku ya harusi na siku ya msiba. Leo uwanda wa Ufipa, kama nchi nyingine, una taa za jua juu ya mapaa. Hatujui kwa nini koroboi haina video yake.

Tumefika kwenye lililo zito. Ndugu zetu wa Buhaya wana filamu ya chuma chao. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, aliwakuta wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani, nao wakajenga tanuru upya na kuliwasha; habari hizo zikaingia katika filamu iitwayo The Tree of Iron ya mwaka 1988. Ilikuwa imebaki hatua moja tu. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1930 angekuwa leo amepita miaka 110. Kwa hesabu hiyo ni bure kumtafuta Ufipa fundi aliyesimamia moto wa ilungu kwa ajili ya kupata majembe. Waliopo ni wajukuu waliosimuliwa, na kila mwaka unaopita wajukuu hao nao wanapungua.

Minara yenyewe iko. Malungu kadhaa bado yamesimama hapa na pale katika uwanda huo, udongo wake ukilegea kwa mvua, mizizi ikiingia katika matundu, na watoto wachungaji wakipanda juu yake. Nani anayalinda? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ni ya Tanzania Bara, inakilinda moja kwa moja kitu au jengo lililofanywa kabla ya mwaka 1863. Ilungu lililojengwa mwaka 1890 au 1910 limepitwa na tarehe hiyo, na halipati hifadhi mpaka Waziri alitangaze. Wasomaji wa Mji Mkongwe watavutiwa kusikia kwamba sheria hiyohiyo ina huruma zaidi kwa milango ya nakshi: mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki unahesabiwa hadi mwaka 1940. Hatuuonei wivu mlango. Tunauliza tu kwa nini mnara uliozaa jembe upewe miaka 77 pungufu kuliko mlango wa tajiri. Tangazo moja katika Gazeti la Serikali lingetosha kuiondoa tofauti hiyo kwa malungu yaliyobaki, na haliitaji fungu la bajeti.

Kuhusu picha, mambo yanayoweza kufanyika ni mengi na ni ya gharama ndogo. Ufipa bado ina wahunzi. Hawayeyushi mawe, hununua springi za magari yaliyokufa, wakazikata, wakazitia moto na kufua mashoka, visu, mundu na majembe. Mhunzi huyo ni sura ya tatu ya jembe, baada ya ilungu na duka, na hakuna anayempiga picha kwa sababu yupo kila siku. Intumba bado zinajengwa na wakulima wanaozijua. Kibanda cha kuchajia simu, chenye nyaya zilizofungamana kama kiota na kila simu ina kikaratasi cha jina la mwenyewe, kinaonekana leo kitu cha kawaida mno hata mtu ataona haya kukipiga picha. Na umeme ukienea kila nyumba kitatoweka katika muda wa miaka michache kama ilivyotoweka foleni ya posta. Kanuni yetu kwa vijana ni hii: anza na kile ambacho jirani yako atakucheka ukikipiga picha.

Tuna na ushauri wa kazi yenyewe. Mwenye kamera aanze kwa kutaja kwa sauti mahali, tarehe na jina la anayeonyeshwa, baada ya kumwomba ruhusa. Miaka 40 ijayo hayo ndiyo yatakayotafutwa. Amwamkie mzee kama inavyopasa, akae chini, amwache aseme kwa Kifipa kama Kifipa ndicho kinachomtoka vizuri, maana maneno ya ufundi hayatafsiriki na yakipotea hayarudi. Atulize kamera juu ya mikono hata kama anaona muda unapita bure. Asimwekee muziki mtu anayezungumza. Na pale asipokuwa na mwaka wa hakika aandike alichoambiwa, kwa mfano kwamba plau ya kwanza ilifika kabla ya kuhamia vijiji vya ujamaa au baada yake. Kijijini watu huhesabu hivyo, na operesheni ya mwaka 1974 ni alama wanayoikumbuka kuliko kalenda.

Kwa maofisa tunasema mawili. La kwanza ni la ruhusa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ilitungwa mwaka 1976, wakati kamera ilikuwa mzigo wa watu wawili na filamu ilikuwa jambo la kampuni. Mwanafunzi mwenye simu anayempiga picha babu yake akijenga tuta hafanani na kampuni hiyo, na ofisa yeyote wa kata anayemsimamisha kudai kibali atakuwa ameitumia sheria mahali ambapo haikufikiriwa. Maelekezo mafupi kutoka juu yangewapa amani wote wawili. La pili ni la kuhifadhi. Simu huibiwa, huzama, hubadilishwa; video inayopita leo haionekani kesho. Wilaya iwe na mahali pamoja pa kukusanya nakala, chini ya Ofisa Utamaduni, na nakala ya pili iende maktaba ya mkoa. Za Visiwani ziwekwe katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, na zile zilizo nzuri zionyeshwe vijijini, maana tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, limezoea kupeleka sinema mashambani, Unguja na Pemba. Hatuoni sababu ya mtu wa Mkoani asimwone mhunzi wa Ufipa katika kitambaa hichohicho.

Yako malalamiko tunayoyatazamia. Atasema mtu kwamba hospitali zinahitaji dawa na shule madawati, na kwamba kupiga picha majembe ya zamani ni anasa. Tunamjibu kwamba simu tayari ziko mikononi, vijana tayari wanatengeneza video, na Serikali haiombwi kununua kitu ila kiasi kidogo cha vifaa vya kuhifadhia. Kinachoombwa ni uamuzi, na saa chache za ofisa aliyekwisha kulipwa mshahara.

Kazi ya malungu ilikuwa kazi ya kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, udongo mkavu na watu wamepata nafasi. Kwa shule za Mpui huo ungekuwa wakati mwafaka wa kuanza: darasa moja, mwalimu wa historia na mwalimu wa sayansi pamoja, mhunzi wa karibu akilipwa posho ya siku moja aliyoacha kazi yake, mzee mmoja au wawili wa kuulizwa juu ya intumba na juu ya yale waliyosimuliwa na babu zao, na simu iliyochajiwa usiku uliotangulia.